Mkate Wenye Nyama na Kiapo cha Baba

  

Juma hili tumepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa hapa hapa Malindi. Ameturuhusu tuieleze, nasi tumeyaacha yote yawezayo kumtambulisha. Mwanawe wa kiume anasoma New York, huko Marekani. Mwezi uliopita kijana alituma picha katika simu za jamaa: ameshika kwa mikono miwili mkate mnene uliosheheni nyama, na nyuma yake duka lenye maandishi ya Kiyahudi. Chini ya picha ameandika kwamba nyama ya hapo ni tamu na kwamba roho yake imetulia kuila. Ami yake akaisambaza. Kabla ya sala ya Isha habari ilikwisha kuzunguka nyumba saba. Baba mtu, ambaye usiku na mchana alikuwa akitazama habari za Gaza na kulia, aliapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hatasema na mtoto huyo wala hatapokea senti yake. Fedha alizotuma kijana kwa ajili ya dawa za nyanya yake zilirudishwa. Mama anauliza: “Sheikh, mwanangu amekula haramu? Na kiapo cha baba yake nitakifanyaje?”

Maswali mawili hayo tutayajibu, inshallah. Lakini hukumu ya kitu ni tawi la kukifahamu kitu chenyewe. Basi na tuanze kwa kuutazama mkate huo.

Kutia nyama ndani ya mkate si jambo geni kwa mwanadamu. Waingereza wameupa mlo huo jina la bwana wao mmoja wa karne ya 18, John Montagu, aliyekuwa na cheo cha Earl wa Sandwich, na ndiyo sababu watoto wetu wanasema sandwichi. Lakini jina halimfanyi mtu kuwa mwanzilishi. Mayahudi wanasimulia kwamba mwanachuoni wao Hillel, aliyeishi Baitul Muqaddas katika zama za Mfalme Herode, alikuwa katika sikukuu yao ya Pasaka akikusanya pamoja nyama ya kondoo, mboga chungu na mkate usiotiwa hamira, akala. Nasi Waislamu tunajua katika sira kwamba babu wa baba yake Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, jina lake la asili lilikuwa Amr. Aliitwa Hashim kwa sababu aliwavunjia watu wa Makka mkate ndani ya mchuzi wa nyama walipopatwa na njaa. Mlo huo ndio tharid, nao una heshima yake: Mtume alipotaka kuusifu ubora wa Bibi Aisha juu ya wanawake, aliufananisha na ubora wa tharid juu ya vyakula vingine.

Sasa tuje kwenye mkate wa yule kijana. Nyama yake huitwa pastrami. Neno lenyewe lina safari ndefu. Chanzo chake ni Kituruki, pastırma, na maana yake ni kitu kilichogandamizwa, kwani Waturuki walikuwa wakiitia nyama chumvi na viungo, wakaigandamiza mpaka maji yakatoka, kisha wakaikausha. Kutoka kwa Waturuki, ambao ni Waislamu wenzetu, maarifa hayo yaliingia Rumania iliyokuwa chini ya mkono wa dola yao, na huko Mayahudi wakajifunza kuyatumia, mara nyingi kwa nyama ya bata bukini. Baina ya miaka ya 1880 na Vita Vikuu vya Kwanza, Mayahudi wapatao milioni mbili walizikimbia dhiki na mauaji ya Ulaya ya Mashariki wakaenda Marekani, na wengi wao wakashukia New York. Huko nyama ya ng'ombe ilikuwa rahisi kuliko bata bukini. Basi wakachukua kidari cha ng'ombe na sehemu za tumboni, nyama ngumu zisizogombaniwa na matajiri, wakazilaza siku nyingi katika maji ya chumvi, wakazipaka pilipili manga, giligilani na thomu, wakazitia moshi, kisha wakazipika kwa mvuke mpaka zikalainika.

Nyama hiyo hukatwa vipande vyembamba ingali moto, ikapangwa juu ya mkate wa rai. Rai ni nafaka jamaa ya ngano, istahimiliyo baridi na ardhi dhaifu, na mkate wake ni mzito, wa rangi ya kahawia, wenye uchachu kidogo. Ulikuwa mkate wa maskini wa Ulaya ya Mashariki, kama mkate wa mofa wa mtama ulivyokuwa mkate wa wazee wetu. Hupakwa haradali, na pembeni huwekwa matango yaliyochachuliwa kwa maji ya chumvi, kama sisi tuwekavyo achari ya ndimu au ya embe. Aliyekula pilau bila achari atafahamu kwa nini nyama ya mafuta hutaka kitu kikali cha kuikata. Maduka yauzayo mlo huo huitwa deli, na mojawapo lililo mashuhuri, Katz's, lilianza mwaka 1888 katika mtaa wa Lower East Side, ambako wahamiaji hao walibanana katika vyumba vidogo.

Msomaji atauliza: haya yanatuhusu nini watu wa Malindi na Kilifi? Yanatuhusu, kwa kuwa hadithi hiyo ni hadithi yetu kwa sura nyingine. Utazameni mkate wa nyama tunaougombania jioni za Ramadhani, ambao wengine huuita mkate mayai. Mama huukanda unga wa ngano kwa chumvi na mafuta, akaupumzisha, akautandaza juu ya meza iliyopakwa mafuta mpaka ukawa mwembamba kama shashi. Katikati hutia nyama ya kusaga iliyokwisha kupikwa kwa vitunguu, thomu, bizari na dania, akamimina yai lililopigwa, akakunja pande nne kama bahasha, akaulaza juu ya chuma. Huko Yemen na Hijazi mkate huo ni mutabbaq, yaani uliokunjwa ukawa tabaka, na sisi sote tunalijua neno tabaka. Indonesia wanauita martabak, Singapore na Malaysia wanauita murtabak. Umesafiri na majahazi na mahujaji na wafanya biashara, na kila bandari iliutia kiungo chake. Hata mikate ya matabaka iliyopikwa Yemen kwa samli, Waislamu na Mayahudi wa nchi ile waliila pamoja karne kwa karne, na waliohama wameichukua kila walikokwenda.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Chapati na sambusa tunazozifuturia zimetufikia kwa njia ya bahari. Tangu Waitalia walipokijenga kituo chao cha San Marco huko Ngomeni katika miaka ya 1960, watoto wa Malindi wamezijua pizza na jibini, na wako wanaokisema Kiitaliano kama maji. Ndugu zetu Wasomali wametufundisha nyirinyiri, nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kuhifadhiwa katika samli, ikamfaa msafiri. Ni hekima ile ile ya pastrami: mtu asiye na barafu huilinda nyama yake kwa chumvi, kwa moto na kwa mafuta. Basi chakula hakiulizwi kwanza kimetoka kwa kabila gani. Kinaulizwa ni kitu gani, kimechinjwaje, na kimechumwaje.

Hapo ndipo tunapofika kwenye swali la kwanza la mama yetu. Mwenyezi Mungu katika Sura ya al-Maida, aya ya 5, ametuhalalishia chakula cha waliopewa Kitabu, na akabainisha kwamba chakula chetu ni halali kwao. Ibn Abbas, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, na wafasiri wengi baada yake, wamesema kwamba makusudio ya chakula hapo ni wanyama waliowachinja. Mtume wetu mwenyewe huko Khaibar aliletewa mbuzi na mwanamke wa Kiyahudi, naye akatia mkono katika nyama. Mwanamke yule alikuwa ametia sumu, lakini wanazuoni wameona dalili katika kule kukubali: Mtume hakuikataa nyama kwa sababu ya dini ya aliyeichinja. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, kutaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kuchinja ni sunna iliyokokotezwa, wala si sharti la kuhalalika. Wanazuoni wetu wameingia ndani zaidi katika kueleza ni nani hasa ahesabiwaye kuwa mtu wa Kitabu, na mwenye kutaka undani huo na akae mbele ya mwalimu wake.

Mayahudi wenye kushika dini yao wana sheria za chakula ziitwazo kosheri. Mnyama hukatwa koo kwa kisu kikali kisicho na pengo hata dogo, damu hutolewa, na nyama hutiwa chumvi ili damu iliyobaki itoke. Nguruwe kwao ni haramu kama kwetu. Tena hawachanganyi nyama na maziwa katika mlo mmoja. Katika miaka ambayo Waislamu wa Marekani walikuwa wachache na hawana wachinjaji wao, wengi walinunua nyama katika maduka ya kosheri kwa kuitegemea aya hiyo hiyo.

Hata hivyo, mama, mwambie mwanao mambo matatu, kwani ruhusa si kufumba macho.

La kwanza, si kila duka lenye jina la Kiyahudi ni la kosheri. Ipo sandwichi mashuhuri iitwayo Reuben, yenye nyama ya chumvi, kabichi chachu na jibini iliyoyeyuka. Jina lake ni la Kiyahudi, lakini nyama na jibini vimekutana ndani yake, na Myahudi mshika dini haili. Hata Katz's tuliyoitaja haiko chini ya usimamizi wa makuhani wao. Basi kijana asitazame maandishi ya ukutani. Aulize nyama imechinjwa na nani, na atafute cheti cha wasimamizi.

La pili, kosheri na halali si kitu kimoja. Mvinyo kwao wafaa kuwa kosheri, na kwetu ulevi ni haramu, uwe umetiwa katika gilasi au katika mchuzi. Aulize.

La tatu, mji ule leo haukosi nyama ya Waislamu. Mikokoteni yenye neno halali imesimama katika pembe nyingi za barabara, na wengi wa wauzaji wake ni wahamiaji kama yeye. Kumuungisha ndugu yako anayetafuta riziki mbali na kwao ni jambo jema, na shaka huondoka.

Akichunga hayo, hatuwezi kusema kwamba kijana amekula haramu. Nasi tunaogopa kuliharamisha lililohalalishwa na Mwenyezi Mungu kama tunavyoogopa kulihalalisha lililoharamishwa. Yuko mtu aliyeamua kuacha bidhaa fulani kwa sababu ya dhulma wanayofanyiwa ndugu zetu wa Palestina, naye ana nia yake na hatumlaumu. Lakini kuacha ni jambo moja, na kuharamisha ni jambo jingine. Anayeacha anajihukumu nafsi yake, na anayeharamisha anamsemea Mola wake.

Tunasema haya tukiujua uchungu wa baba huyu. Nani kati yetu aliyeziona picha za watoto wa Gaza wakitolewa chini ya vifusi akalala usingizi? Machozi yake ni machozi ya mtu mwenye imani. Lakini katika sura ile ile ya al-Maida, aya tatu tu baada ya ile ya chakula, Mola ametuonya kwamba chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Mpika mikate wa New York hakurusha bomu, na mtoto aliyekula mkate hakuisaliti Palestina. Mtume wetu aliondoka duniani deraya yake ya vita ikiwa rehani kwa Myahudi, kwa pishi 30 za shayiri alizozichukua kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake. Na mama yetu Bibi Safiyya binti Huyayy alikuwa wa nasaba ya Kiyahudi. Aliposimangwa kwa nasaba yake akalia, Mtume alimfundisha ajibu kwamba baba yake ni Harun, ami yake ni Musa, na mumewe ni Muhammad. Wanawake mnaosoma safu hii, mnajua simango la ukoo linavyouma ndani ya nyumba. Ikumbukeni habari hiyo.

Hata hapa Afrika Mashariki wapo. Karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, Waganda walioifuata dini ya Kiyahudi tangu Semei Kakungulu alipoiingia mwaka 1919. Mwaka 2004 wakulima wao walijiunga na majirani zao Waislamu na Wakristo katika ushirika mmoja wa kuuza kahawa. Kila mmoja amebaki na dini yake na kichinjio chake, na bei ya kahawa wanaipigania pamoja.

Limebaki swali la pili, la kiapo, nalo ndilo zito. Kijana amekula mkate, na mkate umekwisha. Kiapo kingalipo, na kila siku kinakata. Kuunga udugu ni wajibu, na haifai Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu kwa hasira za nafsi. Itakuwaje kwa mtoto wa kumzaa aliye peke yake ugenini? Na mtoto anayenyimwa sauti ya baba yake hutafuta sauti nyingine, na hajui ni ya nani atakayemjibu.

Mtume wetu ametufundisha kwamba mwenye kuapa jambo, kisha akaona jingine ni bora, na alifanye lile lililo bora na akitolee kafara kiapo chake. Kafara yenyewe imetajwa katika sura ile ile ya al-Maida, aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumwacha mtumwa huru, na asiyeweza atafunga siku tatu. Kwa madhehebu yetu ni kibaba kimoja cha chakula kikuu cha mji kwa kila maskini, yaani vibaba kumi. Sura moja, mama yetu, imebeba majibu yako yote: chakula, uadilifu, na mlango wa kutokea katika kiapo. Na jina lake al-Maida ni meza iliyoandaliwa chakula.

Kwa nyumba zitakazopenda kuonja, mama akipata kidari cha ng'ombe na akipake chumvi, pilipili manga, giligilani iliyotwangwa na thomu, akiache usiku mzima ndani ya friji, kisha akipike kwa mvuke, chungu kimefunikwa, moto mdogo, kwa saa nne au zaidi mpaka uma uingie bila nguvu. Akikate vyembamba kwa kukatiza nyuzi za nyama, akitie katika mkate wa moto kwa haradali na achari. Haitakuwa pastrami kamili, kwa kuwa moshi na siku za maji ya chumvi hazimo, lakini itakuwa nyama ya bei ndogo iliyopewa heshima. Wala tusiige ule unene wa Kimarekani, ambapo nyama huupita mkate mara nyingi na nusu yake hubaki mezani. Israfu haipendezi kwa Mola wetu, na mkate mmoja kama huo huwatosha watatu.

Jumanne baada ya Isha, kwa ombi la mama, tulimzuru mzee nyumbani kwake. Tulimweleza haya yote. Alisikiliza, hakubisha, hakukubali. Tulipoaga aliuliza jambo moja tu: kwamba huko aliko mwanawe, kuna baridi kiasi gani miezi hii. Tulimjibu kwamba ni baridi sana. Alhamisi asubuhi, tukiwa tunaandika safu hii, mama ametuletea habari kwamba mzee ametuma apimiwe vibaba kumi vya mchele, na kwamba simu bado haijapigwa. Nasi twaomba, nanyi mtuitikie amin, kwamba mchele ukiwafikia wenyewe, simu nayo itampata mwenyewe.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, inshallah.